Lebo Isiyofutika ya Roza Ajwang

Malimao yalimwagika mezani kwa Roza Ajwang salamu ikiwa bado mdomoni. Alikuwa amesema "Shikamoo, baba," na yule mzee alikuwa ameitikia "Marahaba," maana hasira haijawahi kumzuia Msukuma wa umri wake kuitikia shikamoo. Kisha mzee akashika pembe mbili za chini za kiroba chake akakipindua. Yalikuwa malimao makubwa, ya manjano, ngozi imejaa vipele. Yaliangusha mkasi, yakaangusha kopo la kalamu, mengine yakabingirika hadi chini ya miche ya mipapai, na mama mmoja aliyekuwa akichagua maua akarudi nyuma amekumbatia mkoba wake.

"Machungwa hayo," mzee akasema. "Karibu ule."

Roza alidhani mzee amepotea mlango. Vitalu vya miche pale Igoma vimepangana kando ya barabara ya Musoma, na mtu mwenye hasira haangalii sana anaingia kwa nani. Alikuwa anatafuta maneno ya upole ya kumwelekeza kwa jirani, lakini mzee akaingiza vidole kwenye mfuko wa shati, akatoa kipande cha bati laini chenye upana wa vidole viwili, akakiweka katikati ya malimao.

MCHUNGWA MTAMU. WA KUBEBESHA. IGOMA, MACHI 2020.

Roza alishtuka, akaketi juu ya ndoo. Mwandiko ulikuwa wake. Herufi zilikuwa zake, zile nene zilizoegemea kushoto kwa sababu yeye huandikia mkono wa kushoto, na kile kitundu cha pembeni alikitoboa yeye kwa msumari wake. Angeweza kukana sura ya mtoto wake kabla ya kukana kipande kile.

Lazima ielezwe kilikuwa ni kitu gani kwake, vinginevyo mtu atasema mama wa watu anashtushwa na kipande cha kopo. Roza alizaliwa Sota, ufukweni kabisa mwa ziwa, wilaya ya Rorya, binti wa Odoyo mshona nyavu. Aliletwa Mwanza na ndoa, na baada ya kuuza dagaa, mitumba na vitumbua bila kupendezwa na kimojawapo, akaanza kuuza miche. Miche ilimkubali. Tatizo lilikuwa majina. Miche midogo, ikiwa bado na majani manne, hufanana kama watoto wachanga wa wodi moja, na yeye alikuwa akiandika majina kwa kalamu ya wino mzito juu ya vipande vya ndoo za plastiki. Jua la Mwanza lilikuwa linayalamba majina yale kwa miezi miwili. Siku moja mwalimu mmoja wa Nyegezi alirudi kumwambia kwamba mparachichi aliouziwa miaka mitatu nyuma umezaa stafeli. Mwalimu alicheka, mtaa mzima ukacheka, Roza hakucheka. Alilia usiku ule kama mtu aliyeitwa mwizi.

Ndipo akabuni lebo zake. Aliokota makopo ya soda kwenye kumbi za harusi, akayakata kichwa na tako, akayapasua, akayanyoosha kwa kuyavuta ukingoni mwa meza, akayagawa vipande. Kipande alikiweka juu ya gazeti lililokunjwa mara nne, akachukua kalamu ya biki iliyokwisha wino, akaandika kwa kukandamiza kwa nguvu zote. Jina likazama ndani ya bati lenyewe. Mvua inyeshe, jua liwake, kuku aparue, ukilipitisha kidole gumba unalisoma hata umefumba macho. Wenye vitalu wenzake walimcheka kwa wiki moja, kisha wakaanza kumwagiza awatengenezee. Akawa anaandika mpaka kidole cha shahada kikaota sugu.

Ikabaki kazi ya kuzifunga. Alizichomeka kwenye vijiti, mchwa wakala vijiti. Alizifunga kwa waya, waya ukashika kutu ukakatika. Alizifunga kwa uzi wa katani, uzi ukaoza. Dawa aliipata kwa kaka yake Owiti, mvuvi wa sangara, aliyekuwa na marundo ya kamba chakavu za migonzo, zile kamba ndefu zinazotungwa ndoano nyingi na kulazwa ziwani. Kamba ile imetengenezwa ikae majini miaka, na haijali jua wala mvua. Roza akaikata vipande, akafunga lebo kwenye shina la mche kwa fundo alilofundishwa na baba yake akiwa na miaka saba, fundo la nyavu, ambalo likishakaa halirudi nyuma. "Fundo likilegea," mzee Odoyo alikuwa akisema, "samaki hakuagi." Roza aliacha nafasi ya kupenya kidole kimoja kati ya kamba na shina, kwa utu tu, akaona ametosheleza. Tangu siku hiyo hakuna lebo yake iliyopotea. Alikuwa akiwatania wateja, "Mama, lebo hii itakuzika wewe na mimi," na watu walipenda kuusikia utani huo, wakarudi na ndugu zao.

Kwa hiyo alipokiona kile kipande katikati ya malimao, alichokiona ni jina lake.

"Baba," alisema, "mimi nimuuzie mtu limao nimwambie chungwa? Heri nife leo. Vikonyo vya kubebeshea machungwa hayo nilivikata mwenyewe kwenye mti ninaoujua."

"Mimi naitwa Masele," mzee akasema. "Waulize watu wa kwetu kama mimi ni mtu wa kusingizia. Nimeishi na lebo yako miaka minne. Nilinunua miche arobaini kwako. Jumamosi kuna kikao ofisi ya kijiji, na nimekuja kukwambia ufike, useme mbele ya watu kwamba ulinidanganya. Hela sitaki. Nataka mke wangu asikie."

"Asikie nini?"

Mzee Masele akaangalia pembeni, kwenye barabara. "Kwamba sikuwa mjinga."

Roza hakungoja Jumamosi. Alimwachia kitalu Modesta, jirani yake muuza vyungu vya maua, akavua aproni, akaondoka na mzee saa hiyo hiyo kwenda kivukoni. Angeweza kukaa, lakini moyo wake ulikuwa unawaka. Njia nzima, kivuko kikikata maji kwenda Kamanga, alikaa kando ya mzee akiwatafuta maadui kichwani. Nani alibadilisha lebo? Kibarua gani? Mwenye kitalu yupi anayemwonea kijicho? Aliwahukumu watu watano wasio na hatia kabla hawajafika ng'ambo, na mmoja wao alikuwa msimamizi wake wa ndoa.

Shamba lilikuwa mwendo wa robo saa kwa pikipiki kutoka kivukoni, na Roza aliliona kabla hajaambiwa. Milimao ilisimama kwenye mistari iliyonyooka, imenawiri, imejaa miiba mirefu, matunda ya manjano yamening'inia kila tawi. Hakuwahi kuona milimao mizuri namna ile. Alisimama mkono mdomoni. "Yawa!" ndilo neno pekee lililomtoka, la kwao, la watu wanaokuta msiba.

Mke wa mzee, mama Justa, alitoka jikoni akifuta mikono kwenye kanga. Hakugomba. Alileta kigoda, akamkaribisha mgeni, akampa maji, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Karibu kwenye machungwa yetu, mama. Hapa unapopaona palikuwa na mihogo yangu. Ardhi nzuri yote ndiyo hii. Mzee aliing'oa mihogo akanihamishia kule kwenye mawe, akaniapia kwamba baada ya miaka minne nitamshukuru. Sasa tunakunywa chai ya limao asubuhi, mchana na jioni. Mafua yametukimbia."

Mzee Masele aliinamisha kichwa. Roza akaelewa kilichokuwa kinamsumbua yule mtu. Watu hawa wawili walikuwa hawaongei ila kupitia mgeni, na Jumamosi ama yeye Roza ama mzee angetoka pale kijijini akiitwa mkosaji.

"Baba, naomba unieleze tangu mwanzo," alisema. "Ilikuwaje?"

Mzee alieleza taratibu, akitembea kati ya mistari. Mwaka wa kwanza miche ilistawi. Mwaka wa pili, masika yalipoisha, majani ya juu yakaanza kugeuka manjano, yakapukutika, vilele vikakauka. Alimwagilia kwa ndoo kutoka ziwani, asubuhi na jioni, mpaka mgongo ukamkataa. Vilele vikazidi kukauka. Alipokuwa amekata tamaa, akaona chipukizi zinatoka chini kabisa ya shina, nene, za kijani, zenye nguvu. "Nikamwita mama Justa nikamwambia, njoo uone, Mungu ameifufua. Nikakata vile vikavu vya juu. Nikazikata lebo zako kwenye mikia ya kamba, nikazifunga kwa uzi kwenye chipukizi mpya, moja moja, ili majina yasipotee."

Hapo Roza akapumua. Tuseme ukweli, alipumua kwa raha kabisa. Kumbe ni hilo tu! Mchungwa wa kubebesha ni miti miwili iliyounganishwa, chini mlimao kwa sababu ya mizizi yake migumu, juu mchungwa kwa sababu ya tunda lake. Wa juu ukifa, wa chini huchipua, na unachochipua ni mlimao. Mzee mwenyewe ndiye aliyeulea. Akamweleza hayo yote, kwa heshima, kwa maneno mepesi, na kila neno lilivyokuwa linaingia, uso wa mzee ulikuwa unaporomoka.

"Kwa hiyo lebo nilizivisha milimao," mzee akasema. "Mimi mwenyewe."

"Hukujua, baba."

"Mimi mwenyewe kwa mikono yangu." Akaketi chini, kwenye udongo, mtu mzima yule na suruali yake safi ya safari.

"Si nilisema?" mama Justa alimwambia Roza, ingawa macho yalikuwa kwa mumewe. "Nilisema huyu si mkulima, huyu ni mtu wa kiwandani. Miaka thelathini kwenye mashine za pamba, leo aje kulima machungwa!"

Roza alipaswa kuaga wakati ule. Jina lake lilikuwa limesafishwa, kikao cha Jumamosi hakina tena kazi, na kivuko cha saa tisa kilikuwa hakijaondoka. Lakini aliona, mwisho kabisa wa mstari, miti mitatu ambayo majani yake hayakuwa ya mlimao. Aliisogelea. Ilikuwa michungwa, yenye machungwa, na aliponusa jani alilolisugua kiganjani hakuwa na shaka.

"Baba, na hii mitatu?"

"Hiyo ilipona yenyewe," mzee alijibu bila kuinuka. "Na ajabu ni kwamba ndiyo iliyokosa bahati tangu utoto. Wajukuu walipokuja likizo walikata lebo zake wakachezea. Niliwatandika mpaka nikaona huruma."

Roza alirudia maneno yale kichwani. Walikata lebo zake. Mitatu isiyo na lebo ndiyo iliyopona. Akauliza, "Vile vikavu ulivyokata uliviweka wapi?"

"Nilizibia banda la mbuzi."

Alikwenda bandani peke yake. Vijiti vilikuwa vimesukwa pale ukutani, vikavu, vyeupe. Alichomoa kimoja. Juu kidogo ya mahali pa maungio, shina lilikuwa limeminywa likabaki jembamba kama penseli, na juu ya pale palikuwa pamevimba pakafanya uvimbe mnene, mviringo. Alibandua ganda kwa ukucha. Ndani ya ule mfereji ilikuwamo kamba ya migonzo, ya kijani, nzima kabisa, na fundo la mzee Odoyo limekaa pale pale, halijarudi nyuma hata unywele. Alichomoa kijiti cha pili. Cha tatu. Cha nne alikichomoa kwa nguvu kiasi kwamba mbuzi walisogea kona ya pili ya banda.

Hakuna aliyebadilisha lebo. Hakuna kijicho, hakuna ukame. Mti ulikuwa unanenepa, kamba hainenepi, kamba haiozi, fundo haliachii. Ile nafasi ya kidole kimoja iliisha mwaka wa pili. Chakula kinachotoka majanini kushuka mizizini kilikabwa pale shingoni, mizizi ikakosa chakula cha juu, na shina la chini likaamua kujichipulia lenyewe. Miti thelathini na saba. Yeye ndiye aliyeinyonga, kwa mkono wake wa kushoto, akiimba.

Nyuma yake alisikia mama Justa anaendelea kumsema mzee. Na hapa lazima nimseme Roza bila kumpendelea: alikaa pale bandani na kijiti mkononi muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Hakuna aliyekuwa anamwangalia. Mzee alikuwa ameshaukubali ubaya wote na kuutia begani. Kijiti kile kingerudi ukutani, na mbuzi hawasemi. Aliwaza kitalu chake. Aliwaza watu wa Igoma wanavyocheka. Aliwaza kwamba mwenye kosa ni kamba na si yeye, kisha akaona aibu ya kuwaza hivyo, na aibu ndiyo iliyomtoa bandani.

"Baba Masele," alisema, "si wewe."

Akaketi naye chini kwenye udongo, akampa kijiti. Alieleza yote, na maneno yalimtoka vibaya, mbele nyuma, nyuma mbele. Mzee alikigeuza kijiti, akakisogeza karibu na macho, akajaribu kulilegeza fundo kwa ukucha wa kidole gumba. Halikulegea.

"Fundo gumu," akasema. "Nani alikufundisha?"

"Baba yangu."

"Alikuwa fundi." Alisema hivyo tu. Hakugomba, na Roza aliumia zaidi kuliko kama angepigwa. Kisha mzee akamwangalia mkewe, na kwa mara ya kwanza tangu Roza afike, akamwambia moja kwa moja, "Umesikia, mama Justa?"

"Nimesikia."

Mama Justa alikichukua kijiti. Roza alingoja matusi, maana sasa yalikuwa na mwenyewe. Lakini yule mama aliipapasa kamba ndani ya mti uliokufa, akauliza swali ambalo Roza alikuwa hajathubutu kujiuliza.

"Na wengine je?"

Wengine! Miaka minane alikuwa amefunga kamba ile. Michungwa, michenza, miembe, miparachichi. Watu wa Magu, watu wa Geita, watu waliovuka kwenda Ukerewe na miche imesimama kwenye mtumbwi. Wenye vitalu wengine sita walionunua lebo zake pamoja na kamba yake, na akawafundisha lile fundo bure, kwa kujisifu. Na katika vipande vyote vile alivyoandika mpaka kidole kikaota sugu, aliandika jina la kila mti. Hakuandika jina la mtu hata mmoja.

"Nyasaye wangu," alisema, akimwita Mungu kwa lugha ya kwao. "Siwajui."

Mambo ya pale shambani yalikuwa na tiba. Roza aliahidi kurudi wiki hiyo hiyo na kisu chake, akate vikonyo kwenye ile michungwa mitatu, aibebeshe upya milimao yote thelathini na saba, na Jumamosi asimame kikaoni aseme alichokiona. Mizizi ni mizima, miaka miwili machungwa yatarudi. Mama Justa alimfungia malimao kwenye kanga kuukuu, akasema asiende mikono mitupu. Alipogeuka njiani aliwaona wale wawili bado wamesimama kati ya mistari, mzee anamwonyesha mkewe kitu kwenye shina, na mkewe ameinama anaangalia.

Kivuko cha saa tisa kilikuwa kimejaa. Roza alisimama karibu na magari, malimao mkononi, anawatazama watu: akina mama wenye matenga, mwalimu na madaftari yake, vijana na simu zao. Nani kati yao? Hakuna aliyeandikwa usoni. Kila aliyemtazama angeweza kuwa na mti nyumbani, na ule mti ungeweza kuwa leo unavuta pumzi zake za mwisho kwenye kamba ya Owiti. Halafu, kabla akili haijamkataza, akapanda juu ya kizingiti cha chuma, akabana malimao kwapani na kupiga makofi mawili kama wanavyofanya wauza dawa za meno.

"Jamani, habari za safari. Naomba dakika moja."

Watu wachache waligeuka. Mmoja akashika mfuko wake wa hela.

"Mimi naitwa Roza Ajwang, nauza miche Igoma. Yeyote hapa aliyewahi kununua mche Igoma wenye lebo ya bati, na lebo imefungwa kwa kamba ya kijani, naomba akifika nyumbani akate ile kamba. Leo. Asingoje kesho. Ile kamba inaua mti. Nimeifunga mimi. Sikujua."

"Mama, unauza visu?" kijana mmoja akauliza, wenzake wakaangua kicheko.

"Siuzi kitu. Nawaomba mkate kamba. Waambieni na jirani."

"Halafu tukishakata tununue mche mwingine kwako, sivyo? Biashara hiyo!"

Wakacheka tena, na Roza aliona uso wake unawaka moto, lakini hakushuka. Akarudia tena tangu mwanzo, jina lake, Igoma, kamba ya kijani. Alikuwa anarudia mara ya tatu pale alipomwona mwanamke mmoja ameinuka kutoka kwenye benchi na kuja akipasua watu taratibu. Alikuwa na umri kama wake, amevaa sare ya kwaya ya kanisa, na hakuwa anacheka.

"Mama," yule mwanamke alisema, "huo mti unakaukia wapi? Juu au chini?"

"Juu. Chini unabaki kijani."

"Unaanza kupukutisha majani?"

"Ndiyo. Manjano kwanza."

"Mwaka wa pili?"

"Wa pili, wa tatu. Una mti, dada yangu?"

"Nilikuwa nao." Alishika chuma cha kivuko. "Naitwa Rebeka. Nilikuwa na mchungwa mmoja wa Igoma, wenye kamba hiyo ya kijani, mbele ya mlango. Mdogo wangu alikuja kunitembelea, akauangalia, akasema, dada mti wako mzuri, ungekuwa wangu. Aliondoka Jumatatu. Ijumaa ukaanza kunyauka. Watu wakaniambia, hujui jicho lile? Na mimi nikaamini. Nikamwambia asikanyage tena kwangu. Alipojifungua sikwenda. Mtoto wake ana mwaka na nusu sasa, sijamwona."

Roza alishuka kutoka kwenye kizingiti. Alikuwa amejiandaa kwa ajili ya miti. Kichwa chake kilikuwa kimehesabu miti siku nzima, miti tu, na hakikuwahi kufikiria kwamba kamba ile ingeweza kukaba kitu kingine.

"Dada Rebeka," alisema, "mwambie ni mimi. Mpigie, mwambie kuna mama wa Igoma..."

"Nitaanzaje?" Rebeka aliitoa simu, akaitazama. "Nilimwita mchawi mbele ya watoto wake. Nitaanzaje mimi?"

Alitafuta jina kwa muda, akalibonyeza. Simu ilipoanza kuita hakuiweka sikioni. Alimnyooshea Roza.

Roza aliipokea kwa mkono uliobaki, ule mwingine umeshika malimao ya watu. Iliita mara nne. Kisha ikapokelewa, na nyuma ya sauti ya mwanamke kulisikika mtoto mdogo analia akitaka kubebwa.

"Haloo? Dada Rebeka?" ile sauti ilisema, kwa hofu, kama mtu anayetegemea kuambiwa msiba. "Dada, ni wewe?"

"Hapana, mama," Roza akasema. "Mimi ndiye niliyeuua ule mti."